Maswali ya Wasomaji: Wachague Majaji Kabla Hawajakuchagua

Katika toleo lililopita tuliwaalika wasanii wa sanaa za ufundi watutumie maswali kuhusu maonyesho ya mchujo, yaani yale ambayo msanii hupeleka kazi zake, jopo la majaji likazipitia, na zilizopita ndizo zinazotundikwa. Barua zilizofika ni nyingi kuliko nafasi ya safu hii, kwa hiyo nimechagua tano ambazo, nikizijibu vizuri, nyingine nyingi zitakuwa zimejibiwa humo humo. Majina ya waandishi tumeyahifadhi kama walivyoomba.

*Mwalimu, shikamoo. Nina umri wa miaka 26, naishi Mbagala, na ninachora watu wa daladala na wa sokoni kwa rangi za akriliki. Kwa miaka mitatu nimepeleka kazi kwenye maonyesho ya mchujo mara sita. Mara tano nilikataliwa. Mara moja nilikubaliwa, picha ikatundikwa karibu na mlango wa choo, haikununuliwa, nikairudisha nyumbani kwa bajaji. Wenzangu wananiambia niachane na mambo hayo, nichore tembo na twiga niwauzie watalii. Je, maonyesho haya yanamjenga msanii kweli, au yanamnufaisha mwandaaji peke yake? — Mchoraji, Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na chumba cha majaji, kwa sababu nimekaa humo mara tatu, na ninaamini kwamba msanii akijua kinachofanyika nyuma ya mlango ule, uchungu wa kukataliwa humpungua na busara ya kupeleka kazi humwongezeka. Mara ya kwanza tulikuwa watatu: mchoraji, mwalimu wa chuo na mnunuzi wa sanaa. Mbele yetu kulikuwa na picha za kazi zaidi ya mia mbili, na ukuta uliopo ungetosha kazi arobaini hivi. Picha zilipitishwa kwenye projekta moja baada ya nyingine, na katika duru ya kwanza kila kazi ilipata sekunde chache tu za kuambiwa ndiyo, hapana, au irudiwe. Mjadala wa kweli ulikuja katika duru ya pili. Duru ya tatu, ambayo wasanii wengi hawajui hata kama ipo, ilikuwa duru ya futi kamba: kazi nzuri zilikuwa bado nyingi kuliko ukuta, tukaacha mchoro wa mita mbili uliopendwa na majaji wote watatu kwa sababu ungechukua nafasi ya kazi nne, na tukaacha picha mbili za wavuvi wa Feri kwa sababu picha ya tatu ya wavuvi hao hao ilikuwa imeshapita. Barua aliyoandikiwa mwenye mchoro ule wa mita mbili ilikuwa na maneno yale yale waliyoandikiwa walioondolewa katika sekunde tano za mwanzo. Hakuna aliyemweleza jinsi alivyokaribia kupita, nami mpaka leo hujiuliza kama aliendelea kuchora.

Ndiyo maana barua zako tano za kukataliwa haziwezi kukuambia jambo lolote la hakika kuhusu kazi yako mpaka ujue ni macho ya nani yaliyoitazama. Sasa nikuulize mimi: katika mara zile sita, ni mara ngapi ulisoma majina ya majaji kabla ya kulipa ada? Wasanii wengi tunafanya kosa hili. Tunaona tangazo, tunaona tarehe ya mwisho, tunatuma. Jaji naye ni mtu mwenye mapenzi yake, aliyesomea mahali fulani, aliyekwisha kununua au kuandika juu ya kazi za aina fulani. Kabla ya kupeleka kazi mahali popote, tafuta kilichotundikwa huko katika matoleo mawili yaliyopita, na kama yanafanyika hapa mjini, nenda ukayaone kwa macho yako. Kuingia Nafasi Art Space kule Mikocheni, au kumbi za Alliance Française na Goethe-Institut kule Upanga, au Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni pale Mtaa wa Shaaban Robert, hakuhitaji mwaliko maalumu wakati kuna maonyesho, na saa moja ya kutembea polepole ukutani itakufundisha kuhusu majaji kuliko kurasa zote za masharti. Ukiona kwamba miaka miwili mfululizo wamechagua sanaa dhahania na kazi za vitambaa tu, usilipe ada kuwapelekea abiria wa daladala. Tafuta jopo ambalo tayari lina jicho la kumtazama mtu na uso wake.

Jambo la pili ninalolishuku, ingawa hukulisema, ni kwamba ulipeleka kazi tatu za sura tatu. Vijana wengi hupeleka picha moja ya sokoni, moja ya machweo ya Coco Beach na moja ya maumbo yasiyo na jina, wakidhani wanawapa majaji uhuru wa kuchagua. Jaji akiziona hizo katika sekunde chache hupata shaka kama mkono ni mmoja. Peleka kazi tatu zinazojuana, ambazo mtu akizipanga pamoja ataona kwamba kuna jambo mchoraji huyu amekuwa akilifuatilia kwa muda. Watu wa daladala peke yao wanatosha miaka kumi ya kuchora: konda, mama mwenye ndoo ya samaki, mwanafunzi anayekataliwa kupanda saa kumi na mbili asubuhi. Usiwaache.

Kisha kuna upigaji wa picha, ambao umewaangusha wasanii wazuri wengi kuliko udhaifu wa kazi zao. Jopo la duru ya kwanza halitazami turubai yako. Linatazama picha uliyoipiga. Toa kazi nje asubuhi, uiweke penye kivuli chenye mwanga wa kutosha, mathalani barazani, jua lisiigonge moja kwa moja. Isimamishe wima, weka simu au kamera mkabala na katikati ya kazi ili pande zake zisipinde, zima mwanga wa kamera, na ukate kila kitu kisichokuwa kazi yenyewe: ukuta, kiti, vidole vya aliyekushikia. Soma vipimo vya faili wanavyotaka. Wengi huomba faili la JPEG ambalo upande wake mrefu una pikseli 1,920 au zaidi, na faili lisilofuata masharti mara nyingi huondolewa na msaidizi wa ofisi kabla majaji hawajafika.

Kuhusu tembo na twiga, sina ugomvi na mtu anayetafuta mkate wa watoto wake, lakini usiamini kwamba dunia inataka kutoka kwetu wanyama tu. Sam Ntiro alichora maisha ya Wachaga, mashamba yao, kazi zao na sherehe zao. Mchoro wake wa mwaka 1956, unaoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ulinunuliwa mwaka 1960 na jumba la sanaa ya kisasa la New York, lile liitwalo MoMA. Ni jambo la nyumbani kabisa, ambalo hata mtu wa Dar es Salaam angehitaji kuelezwa, na likaingia katika mojawapo ya hazina kubwa za sanaa duniani kwa sababu aliyelichora alilijua.

Kuhusu kukataliwa, kuna kisa cha Paris ambacho wasanii hupenda kusimuliana. Mwaka 1863 jopo la maonyesho rasmi ya huko, yaliyoitwa Salon, lilikataa zaidi ya nusu ya kazi zilizoletwa, manung'uniko yakawa makubwa kiasi kwamba mtawala wao, Napoleon III, akaamuru zilizokataliwa zionyeshwe mahali pake. Miongoni mwake ulikuwemo mchoro wa Édouard Manet wa watu waliokaa kula chini ya miti, ambao ulichekwa sana na leo umo katika jumba la Musée d'Orsay mjini humo humo. Husimuliwa hadi hapo ili kuwafariji waliokataliwa. Mimi hunigusa zaidi yaliyofuata: wenzake walipofungua maonyesho yao wenyewe mwaka 1874, Manet hakujiunga nao. Aliendelea kupeleka kazi Salon, mwaka huu akipokelewa na mwaka ule akirudishwa, hadi mwaka 1881 alipopewa medali ya daraja la pili, miaka miwili kabla ya kifo chake. Alikuwa amekwisha kuamua anataka kutazamwa na nani.

Sasa nije kwenye ile mara moja uliyokubaliwa, kwa maana hapo ndipo ninapoona umepoteza kitu ambacho kilikuwa chako tayari. Hukuniambia kama ulikwenda siku ya ufunguzi, kama uliipiga picha kazi yako ikiwa ukutani, kama uliomba nakala ya katalogi, kama uliwaandikia majaji kuwashukuru, wala kama uliongeza maonyesho hayo kwenye wasifu wako kwa mwaka, mahali na majina ya majaji. Kutundikwa ni wiki mbili au tatu. Mwenye kulifanya jambo hilo liwe hatua ya safari ni wewe mwenyewe. Jaji aliyeichagua kazi yako kati ya mia mbili ni mtu anayekumbuka. Mwandikie ndani ya wiki moja, barua fupi yenye heshima, na baada ya miezi sita mtumie picha za kazi mpya bila kumwomba chochote. Nimeona wasanii wakialikwa kwenye maonyesho ya pamoja, safari hii bila mchujo na bila ada, kwa sababu ya barua za namna hiyo. Na ukitundikwa tena karibu na choo, mwendee mratibu wa maonyesho mapema, kabla ya ufunguzi, ukamwombe kwa upole. Mara nyingi kuna ukuta mwingine.

Usiache kupiga hesabu. Kazi ukiiuza shilingi 600,000 na kamisheni ya ukumbi ikiwa asilimia 40, unabakiwa na 360,000. Toa turubai, rangi na fremu, tuseme 140,000, toa bajaji ya kwenda na kurudi, toa ada, na utaona kilichobaki ni kidogo kuliko kilivyoonekana kwenye kibandiko cha bei. Weka bei ukijua kamisheni imo ndani yake, na bei hiyo hiyo iwe ya nyumbani kwako pia, kwa sababu mnunuzi aliyelipa 600,000 ukumbini akisikia kwamba Mbagala picha kama ile ni 250,000, hatarudi, na mwenye ukumbi hatakuita tena.

*Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mchoraji wa Tingatinga, Oysterbay, mwaka wa kumi na moja sasa. Nilipeleka kazi kwenye maonyesho fulani nikajibiwa kwamba wanapokea "kazi za asili za msanii mwenyewe" tu, na kwamba Tingatinga ni mtindo wa watu wengi. Ina maana sisi tumefungiwa mlango? — Mchoraji, Oysterbay*

Salama, kaka. Barua yako imenikasirisha kwa niaba yako, na nitasema wazi kwamba majopo mengi yameitendea Tingatinga isivyo haki kwa kuitazama kama bidhaa ya duka la zawadi kabla hata ya kuitazama kama mchoro. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapa mjini mwishoni mwa miaka ya 1960 juu ya hadibodi kwa rangi zing'aazo za kupakia baiskeli, akafa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Katika miaka hiyo michache aliacha lugha ya kuchora ambayo ndugu na wanafunzi wake waliiendeleza, wakaja kuunda ushirika wao rasmi mwaka 1990. Mtindo unaotumiwa na watu wengi si kasoro. Washairi wetu wote wanatumia vina na mizani, na hakuna anayewaambia kwamba tungo zao si zao.

Hata hivyo, tusimame pia upande wa jaji kwa dakika moja. Kuna mambo matatu yanayochanganywa hapa: mtindo, mada na utungo. Mtindo ni wa wote. Mada, kwa mfano chui au sokoni, nayo ni ya wote. Utungo, yaani jinsi ulivyopanga viumbe, mistari na rangi katika mchoro huu mmoja, ndio unaotakiwa kuwa wako. Wewe unajua kama mimi kwamba karakana huendeshwa kwa michoro inayouzwa, na mchoro ukipendwa hurudiwa mara hamsini na mikono mitano. Hiyo ni kazi halali ya kujipatia riziki, lakini kazi iliyorudiwa hivyo jaji ameshaiona Mwenge, ameshaiona uwanja wa ndege, na hawezi kuipitisha kama ugunduzi wa mtu mmoja.

Kwa hiyo tenga muda, hata kama ni siku moja kwa wiki, wa michoro ambayo haitarudiwa na ambayo haiuzwi karakanani. Chora jambo ulilolishuhudia wewe: mafuriko ya Jangwani, mganga wa kijijini kwenu, foleni ya zahanati. Saini jina lako. Kama kijana wako amekujazia mandharinyuma, liseme hilo katika maelezo ya kazi, kwa kuwa masharti mengi yanauliza na ni aibu likija kugundulika baadaye. Katika maelezo ya msanii, andika nani alikufundisha na yeye alifundishwa na nani. Ukoo wa mafunzo kama wenu ni jambo ambalo wasanii wengine wangetamani kuwa nalo, nanyi mnalificha. Kwa upande wa sheria, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda utungo wako uliokamilika na haimpi mtu yeyote umiliki wa mtindo, kwa hiyo utungo mpya ukiusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, unakuwa na ushahidi mkononi siku utakapoukuta kwenye fulana ya mtu. Kazi zenu zing'aazo zina tabu moja ya ziada kwenye kamera, kwani rangi ya mafuta ya kung'aa huakisi mbingu na hata sura ya anayepiga picha. Ziinamishe kidogo mbele na usimame ukiwa umevaa nguo nyeusi.

*Mwalimu mwenzangu, mimi nina miaka 53, nafundisha shule ya msingi Tabata, na nimeanza kuchora kwa dhati baada ya watoto kuondoka nyumbani. Kila tangazo ninaloliona linataka "vijana" au "chipukizi". Nimechelewa? — Mama wa Tabata*

Hujachelewa, dada yangu, ila itakubidi usome masharti kwa makini kuliko kijana. Neno "kijana" huwa na umri ulioandikwa, mara nyingi miaka 35, na hapo huna la kufanya. Neno "chipukizi" mara nyingi linahesabu miaka ya kufanya kazi ya sanaa bila kugusa miaka ya kuzaliwa, na wewe kwa hesabu hiyo ni chipukizi kamili. Kama tangazo halifafanui, andika uulize, na jibu lao ulihifadhi.

Vikomo hivi navyo hubadilika. Tuzo ya sanaa ya Turner ya Uingereza ilikuwa na kikomo cha miaka 50 kwa zaidi ya miongo miwili, na kilipoondolewa mwaka 2017, mshindi wa mwaka ule ule alikuwa Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar, akiwa na miaka 63. Everlyn Nicodemus, aliyezaliwa Marangu mwaka 1954, alifanya maonyesho yake ya kwanza ya peke yake katika Makumbusho ya Taifa hapa Dar es Salaam mwaka 1980, na ilikuwa mwaka 2022 ndipo jumba la taifa la picha za watu la London liliponunua picha aliyojichora mwenyewe miaka arobaini nyuma. Wote wawili walikuwa wamefanya kazi bila kukoma miongo mingi, kwa hiyo siahidi njia ya mkato. Nakuomba tu uanze na maonyesho ya hapa mjini yanayopokea watu wa rika zote, upate sentensi mbili tatu za kweli za kuandika kwenye wasifu, na ujisajili Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, mapema, maana baadhi ya wanaotoa mialiko na ruzuku huulizia hati hiyo na haifai kuanza kuitafuta siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho.

*Mwalimu, nimepata barua pepe kwamba nimeteuliwa na jopo la kimataifa kushiriki maonyesho wakati wa bienale, yaani maonyesho makubwa ya kila miaka miwili, huko Ulaya. Natakiwa kulipa dola 1,200 za nafasi ya ukutani. Sikumbuki kuomba. Nilipe? — Msanii, Sinza*

Usilipe. Kama hukuomba, hakuna jopo lililoketi. Lililofanyika ni kwamba mtu ameona picha zako mtandaoni na amekodi chumba.

Ada peke yake haithibitishi utapeli, na ninasema hivi kwa sababu wasanii wengine wamevuka hadi upande wa pili, hawalipi chochote popote. Royal Academy, taasisi ya sanaa ya London, imefanya maonyesho yake ya kiangazi kila mwaka tangu 1769, mtu yeyote anaweza kupeleka kazi, na hulipa ada ya kuingia kwenye mchujo. Ada ya kawaida ya maonyesho ya mchujo huko nje huwa kati ya dola 25 na 50 kwa kazi moja hadi tatu, hulipwa kabla ya uamuzi, na hulipwa na wote, wanaopita na wasiopita. Fedha inayodaiwa baada ya "kuteuliwa", tena kwa kupimwa na urefu wa ukuta, ni kodi ya pango. Mwenye chumba ameshapata faida yake kabla ya mlango kufunguliwa, na hana sababu ya kuhangaika kumtafuta mnunuzi wako.

Neno "bienale" nalo litazame vizuri. Katika bienale ya Venice msanii hajipeleki mwenyewe. Hualikwa na mratibu mkuu au huwakilisha nchi yake, na Tanzania ilipata banda lake la kwanza huko mwaka 2024. Mji ule ule wakati huo huo hujaa vyumba vya kukodi ambavyo matangazo yake hutumia jina la mji na neno bienale kwa pamoja. Ile ya Dakar, Dak'Art, ambayo tangu mwaka 1996 imejikita katika sanaa ya Afrika, hupokea maombi ya wasanii na jopo huyachagua, na huo ni mlango ambao msanii wa Sinza anaweza kuubisha kwa jina lake mwenyewe. Dola 1,200 zitakununulia turubai na rangi za mwaka mzima na nauli ya kwenda Nairobi au Kampala kuyaona maonyesho unayotaka kuyaomba.

*Mwalimu, shikamoo. Ni mchongaji wa Mwenge. Nimekubaliwa kwenye maonyesho ya mchujo Ujerumani, kinyago cha mpingo cha kilo 14. Wanasema nikitume kwa gharama zangu, wao watakionyesha na kukirudisha kama hakikuuzwa. Nianzie wapi? — Mchongaji, Mwenge*

Marahaba, na hongera sana. Anzia kwenye mti wenyewe kabla ya kugusa kasha. Tangu Januari 2017 mpingo, pamoja na jamaa zake wa Dalbergia, umo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, yaani biashara yake ya kuvuka mipaka inahitaji kibali. Mwaka 2019 masharti yalilegezwa kwa bidhaa zilizokamilika ambazo mti wake hauzidi kilo 10 katika mzigo mmoja. Chako kina kilo 14, kwa hiyo hakimo katika nafuu hiyo. Nenda ofisi za Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania ukiwa na risiti ya ulikonunua gogo, picha za kinyago na barua ya mwaliko, uwaulize vibali unavyotakiwa kuwa navyo na muda vinavyochukua, na muda huo uuongeze kwenye kalenda yako kabla ya kumwahidi mtu tarehe. Kinyago kikizuiwa upande wa pili kwa kukosa karatasi, hakuna jaji atakayeweza kukisaidia.

Kasha nalo lina sheria yake. Mbao ghafi za kasha la kusafiria nchi za nje sharti ziwe zimetibiwa kwa joto au dawa na kupigwa muhuri wa kanuni iitwayo ISPM 15. Plaiwudi haihusiki na sharti hilo, nayo ni nyepesi, kwa hiyo mimi ningetumia plaiwudi. Usilitengeneze kubwa. Kampuni za usafirishaji wa anga hupima uzito na pia ukubwa, kisha hutoza kwa ule ulio mkubwa zaidi. Kwa wasafirishaji wa haraka, zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawa kwa 5,000. Kasha la sentimita 100 kwa 40 kwa 40 litahesabiwa kilo 32, hata kama kinyago ni kilo 14 na kasha lenyewe kilo sita. Kila sentimita unayoipunguza ina bei yake.

Sasa lile neno "watakirudisha". Miaka mingi iliyopita nilipeleka picha mbili nje kwa ahadi ya namna hiyo hiyo, nikasoma ukurasa wa kwanza wa mkataba na kusaini wa tatu. Ukurasa wa pili ulisema kwamba watazirudisha kwa gharama za msanii. Picha zangu zilikaa ghalani kwao miezi saba, nikizilipia, na moja ilirudi ikiwa imechanika kona kwa sababu bima yao iliishia siku ya mwisho ya maonyesho. Waombe wakuandikie mambo manne: nani analipa usafiri wa kurudi, bima inaanza siku gani na kwisha siku gani na kwa thamani ipi, kamisheni ni asilimia ngapi na fedha zako zitatumwa ndani ya siku ngapi baada ya mauzo, na picha za kinyago chako wanaruhusiwa kuzitumia wapi. Kutumia picha kwenye bango na katalogi ya maonyesho hayo ni kawaida. Kifungu kinachowapa haki zote za picha milele, waombe wakifute kabla ya kusaini, na usiogope kwamba watakufuta wewe, kwa kuwa wameshakuchagua.

Ukipiga hesabu ukaona usafiri wa kwenda na kurudi unakaribia bei ya kinyago, waandikie uwaulize kama wanakubali kibadilishwe na kimoja chenye uzito chini ya kilo 10 kutoka katika mfululizo ule ule wa kazi zako. Baadhi ya waandaaji hukubali, mradi majaji waone picha zake kwanza na barua iwafikie kabla ya katalogi kwenda kiwandani.